Lastiki Nilizokata Mwenyewe

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi wa saba. Asubuhi baridi iliuma masikio, kisha jua likatoka jeupe, na moshi wa majani yanayochomwa kule mtaa wa Annexe ukalala chini bila kwenda popote. Upepo kidogo sana, wa mashariki. Roho yangu ni nyepesi, ingawa leo sistahili wepesi huo.

Naandika kabla mke wangu hajaniita mezani. Nikishashiba huwa najisamehe haraka mno.

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi wangu, dada kijana, sitwayeni Mbuyu kama tunavyoamriwa kuitana raia, aliniomba nimwandikie mashauri ya kuruka na parashuti: vyombo, usalama, viwanja. Yeye anafundisha jiografia katika shule ya wasichana hapa Makomeno, na walimu hawaamini kitu mpaka kiwe kwenye karatasi. Nikachukua daftari, nikajaza kurasa sita kwa fahari ya mtu aliyeanza kuruka jeshini akiwa kijana na ambaye bado ana magoti yake yote mawili. Leo mchana nimezisoma tena. Ni kurasa nzuri. Zinaonekana zimeandikwa na mtu mwenye akili kunishinda.

Nilianza na viatu. Viwe virefu, vishike kifundo cha mguu. Vile vya kiwandani vyenye chuma mbele vinafaa, lakini ukitua navyo juu ya kidole cha mwenzako umepoteza rafiki. Kofia iwe ya pikipiki. Ile ya plastiki ya mgodini itakuacha hewani na kwenda zake. Mikanda ikazwe mpaka ushindwe kusimama wima. Anayetembea kwenda kwenye ndege kwa raha, kama anaenda harusini, huyo hajafunga vizuri. Parashuti kubwa inakaa mgongoni, ile ndogo ya akiba inakaa tumboni. Kwangu mimi tumbo liliwahi kufika mahali hapo kabla yake, kwa hiyo mikanda yangu imefunguliwa mpaka tundu la mwisho. Rafiki yangu Mwansa, fundi wa kushona, ndiye anayetunza vitambaa vya klabu yetu. Anasema siku parashuti zangu zote mbili zikikataa, mimi nitadunda tu na kurudi juu.

Kisha nikaandika juu ya viwanja. Usikubali kuruka kwenye uwanja ambao hujautembea kwa miguu asubuhi ileile. Huku kwetu kichuguu kinaweza kuwa kirefu kama nyumba, na hicho si hatari, maana unakiona. Hatari ni pale kilipokuwa kichuguu. Watu wa matofali wanakuja siku za kazi, wanachimba ule udongo mzuri wote, wanakuachia shimo lenye majani juu. Mwaka jana nilitua ndani ya moja, nikasikika nikiongea lakini sionekani. Usiruke karibu na nyaya za umeme mkubwa. Usiruke karibu na shimo la mgodi pia, kwa sababu hewa juu yake haina adabu. Nilijifunza hilo Kambove. Niliwaambia watu nitatua katikati ya uwanja wa mpira, hewa ya shimo ikanibeba, nikatua kwenye banda la kuku la masista. Sista mkubwa alinisaidia kusimama, kisha akahesabu kuku wake kabla ya kuniuliza kama nimeumia.

Na mwisho, kwa herufi kubwa: KILA MTU ANAKUNJA PARASHUTI YAKE MWENYEWE, NA KABLA YA MTU YEYOTE KURUKA, MFUKO UTANGULIE.

Mfuko huo ni gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima. Kila siku ya kuruka huvalishwa parashuti ya mmoja wetu kwa zamu, unapandishwa ndegeni, unasukumwa nje wa kwanza. Tunauita Sitwayeni Mchanga. Ndiye mwanachama wetu mtiifu kuliko wote. Hajawahi kuchelewa mkutano.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kamba za parashuti hazilali ovyo ndani ya mkoba wake. Zinakunjwa huku na huku, na kila kikunjo kinashikwa na lastiki ndogo. Parashuti ikivutwa na kamba iliyofungwa ndegeni, lastiki zinaachia kikunjo baada ya kikunjo, nyingine zinakatika, na ndivyo inavyotakiwa. Lastiki ni kitu kilichotengenezwa kiwe dhaifu. Nimewafundisha watu jambo hilo miaka mingi. Nimelichora ubaoni.

Lakini mimi ni mtu wa kiwanda. Ni ajusta, fundi wa vyuma, katika fonderi, karakana ya kuyeyushia shaba, na kiwandani kitu kikikatika hatuulizi kama kilitakiwa kukatika. Tunakitengeneza upya, kinene zaidi. Mkono umeshazoea hivyo, hausubiri kichwa.

Lastiki zetu zilikuwa zinatoka Ulaya. Pakiti ya mwisho iliisha mwezi wa tano, na zile zilizobaki kwenye parashuti zilikuwa zimechoka. Kila nilipouliza dukani niliambiwa nirudi wiki ijayo. Basi juzi, siku ya kazi ine, yaani Alhamisi, nilichukua mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, nikaukata pete kwa mashine ya karakana wakati wa mapumziko. Pete zote sawasawa, hata mchonga pete za harusi angenionea wivu. Niliwaonyesha watu wote. Nilimwonyesha hata mlinzi wa lango.

Mwansa alivuta moja kwa vidole, akasema, "Ngoie, hizi zinakaza sana."

"Njo vizuri," nikamjibu. "Haitakatika hata moja."

Nilijibu hivyo. Kwa kinywa hikihiki.

Jioni ile tukaziweka kwenye parashuti tano za klabu: ya Mbuyu, ya Mwansa na za wenzetu watatu. Ya sita ni yangu. Ya kwangu nilikuwa nimeshaikunja tangu Jumapili, nikiwa nimeiwekea lastiki za Ulaya nilizochagua moja moja, zile za mwisho zilizokuwa na uhai. Nikajiambia, ah, ya nini kuifungua tena?

Leo ilikuwa sikukuu ya uwanja wetu mpya. Asubuhi watu wa mtaa walikuja salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, na mapanga na majembe, wakakata majani mpaka uwanja ukawa safi kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Saa nne komisere wa zoni, mkubwa wa serikali wa eneo letu, akafika na suti yake nzuri ya abakosi ya bluu. Kikundi cha wanawake wacheza ngoma kikapanga mistari. Mama yake Mbuyu akakaa mstari wa mbele, rozari mkononi. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli, familia ya kutoka Kabalo, mwanamke asiyepoteza maneno. Nilipomsalimia alinitazama kutoka kofia mpaka viatu na kusema, "Papa, huyu ni mutoto wangu wa kwanza." Basi. Akarudi kwenye rozari yake.

Ilikuwa siku ya Mbuyu ya kuruka kwa mara ya kwanza. Miezi mitano amejifunza kuanguka kutoka juu ya meza, kisha juu ya lori, na wanafunzi wake wote wanajua. Baada yake tungefuata sisi wengine, na mimi wa mwisho, na bendera.

Ndege ikapanda na Sitwayeni Mchanga, amevaa parashuti ya Mwansa. Mimi nilikuwa chini, mikono nyuma, kama mwenye mji. Tukaona gunia linatoka mlangoni.

Sisi tunahesabu kwa Kifaransa, kuanzia mia tatu thelathini na moja. Wanajeshi walitufundisha hivyo kwa sababu namba ndefu namna hiyo inakula sekunde nzima. Ukimaliza trois cent trente-trois, yaani sekunde ya tatu, parashuti inatakiwa iwe juu ya kichwa chako. Ukifika trente-quatre, ya nne, na hakuna kitu, unavuta ile ya tumboni.

Nikahesabu. Trente-trois, hakuna. Trente-quatre, hakuna. Gunia linashuka na nyuma yake kuna kitu kirefu chembamba kama soksi. Trente-sept, ya saba. Nikasahau namba inayofuata. Karibu na vichwa vya miti, pa! soksi ikawa ua, na Sitwayeni Mchanga akatua kwa kishindo kilichoinua vumbi.

Watu wakalipuka kwa shangwe. Ngoma ikapigwa. Mtu wa kipaza sauti akapaza, "Mumeona! Anafungua chini-chini kabisa! Ile njo teknike!" Komisere akasimama kupiga makofi. Mtu mmoja akanipigapiga begani kwa pongezi.

Na mimi nikatabasamu. Nimeahidi kuandika ukweli: nilitabasamu, nikainua mkono kuwasalimu.

Nilipogeuka, Mwansa alikuwa amesimama nyuma yangu, uso umekuwa wa majivu. Pembeni yake Mbuyu, tayari amefunga mikanda yake.

"Papa Ngoie," akasema polepole, "miye nilihesabu."

"Ulihesabu nini, mama?"

"Ule mufuko. Nilifika trois cent quarante, sekunde kumi."

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo gani? Moshi ya Annexe imelala fasi moja tangu asubuhi. Weye mwenyewe ulitufundisha kuangalia moshi."

Hiyo ndiyo faida ya kufundisha mwalimu. Nikakohoa. Nikasema pengine ni baridi, pengine ni mchanga, gunia halina mabega kama mtu. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikizunguka kama kuku anayetafuta mlango. Mbuyu akanisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtoto asiyejua somo lake, kisha akauliza tu:

"Na ya kwako, Papa, iko na lastiki gani?"

Ngoma zilikuwa zinaendelea kupigwa. Nilitazama viatu vyangu.

"Ya zamani," nikasema.

"Ah bon."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza sauti. Mwansa ndiye aliyelipuka, kwa ajili ya wote wawili.

"Nilimwambia! Zinakaza, nilimwambia. Ananijibu njo vizuri! Muntu ya fonderi, akiona uzi anataka auchomelee! Na alitununulia hata bia ya kuzifurahia, hizi lastiki. Tukakunywa! Tulikunywa lufu yetu, kifo yetu, na povu juu!"

Nikawaita wale watatu wengine nyuma ya ndege, iliyokuwa imeshatua. Nikawaambia kila kitu: mpira, mashine, vidole vya Mwansa, jibu langu, na parashuti yangu iliyobaki na lastiki nzuri. Sikuwahi kutoa somo fupi kama lile. Mmoja wao akatoa kofia, akaivaa tena, akaitoa. Kisha akaniambia, "Sasa, Papa, kama mufuko haikutangulia?"

Nikaenda kwa komisere. Nikamwambia vyombo vitano haviko salama, kosa ni langu, hakuna atakayeruka navyo leo. Akakunja uso, akawatazama watu wote wale, wanawake wa ngoma, watoto waliopanda juu ya kichuguu.

"Basi rusheni ule mufuko tena," akasema. "Ule iliruka bulongo, muzuri sana."

Nikacheka. Samahani, nilicheka mbele ya mkubwa, kwa uoga uliokuwa unatafuta mahali pa kutokea. Yeye naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Niliporudi nilimwambia Mbuyu avue mikanda, aende akakae na mama yake, sikukuu itakuwa ya ngoma. Akavua. Kisha akaenda mahali nilipokuwa nimeweka parashuti yangu, akaiinua kwa mikono miwili kuipima.

"Hii itanienea?"

Nikamwambia asinionee huruma. Akaniambia haikuwa huruma, amejifunza kuanguka miezi mitano na wasichana wake arobaini wako pale wanaangalia. Nikamwambia nimemdanganya juu ya upepo, sasa ataniamini vipi? Akasema hahitaji kuniamini mimi, ataikunja mwenyewe. Na kweli niliandika hivyo, kwa herufi kubwa.

Tukatandaza turubai. Tukaifungua yangu yote. Mbuyu akaikunja upya kwa mikono yake, lastiki moja baada ya nyingine, na kila moja alikuwa akiivuta kidogo na kuniuliza, "Na hii?" Mbili nilizikataa, Mwansa akatoa nyingine kutoka parashuti moja ndogo iliyozeeka ambayo hairuki tena, na ambayo hakuna aliyeikumbuka siku ile ya kazi ine. Ilichukua muda ambao wanawake wa ngoma walimaliza nyimbo zao zote na kuanza zile za harusi. Mikanda yangu tuliipunguza, tukaipunguza tena, mpaka ncha zake zikaning'inia kila upande kama masikio ya mbuzi. Mwansa akazibana kwa uzi. Ile ndogo ya tumboni hatukuwa tumeigusa siku ya kazi ine, ina lastiki zake za zamani. Tuliikagua mara mbili.

Mimi nikapanda naye ndegeni, maana kazi ya mwalimu ni kusimama mlangoni. Rubani alinifunga kwa kamba kwenye kiti, kama mbuzi anayepelekwa sokoni, kwa sababu sikuwa na parashuti. Miaka yote hii sikuwahi kupanda juu bila kitu mgongoni. Unajisikia uchi. Chini niliona bomba la moshi la kiwanda, kile kilima cheusi cha takataka za shaba, barabara nyekundu, na uwanja wetu mdogo kama leso. Nilichunguza moshi wa Annexe. Umelala palepale.

Mbuyu alikaa mlangoni, miguu nje. Akageuka kunitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nilitaka kumwambia jambo la maana, jambo la mwalimu. Nilichomwambia ni, "Usitue kwa kuku."

Akaenda.

Tukahesabu pamoja, yeye hewani na mimi nikiwa nimelala kifudifudi mlangoni, nikipiga kelele mpaka rubani akageuka. Trois cent trente et un. Trois cent trente-deux. Nikaona kamba zinatoka, kikunjo kwa kikunjo, bila haraka, kama mtu anayefungua barua. Trois cent trente-trois, na duara jeupe likafunguka chini yangu, zima, la mviringo, zuri kupita kitu chochote nilichowahi kukiona nikiwa upande wa juu. Miaka yangu yote mlangoni nilikuwa nawaza zamu yangu ya kuruka, na parashuti nimeitazama vizuri kutoka chini yake tu. Sikujua mgongo wake unafananaje.

Nililia kidogo. Upepo wa mlangoni ulikuwa mkali. Wa huko juu, safari hii, ulikuwepo kweli.

Hakutua uwanjani. Alitua nje kidogo, kwenye shamba la mihogo, na nilipofika chini nikakuta wanawake wenye shamba wamemzunguka, hawamwachii, kila mmoja anamgusa mabega kuhakikisha ni muntu. Mwenye mihogo alikuwa anamgombeza na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Wasichana wa shule walikuja mbio wakiwa wamevua viatu. Komisere alipiga makofi mara moja tu, nadhani bado anaupenda ule mfuko zaidi.

Mama yake alifika wa mwisho, kwa mwendo wake uleule. Akamtazama mwanae, akang'oa jani la muhogo kwenye nywele zake.

"Nani alikunja hii kintu?"

"Miye mwenyewe, mama."

Mama akanigeukia. Habari ya lastiki ilikuwa imeshamfikia, na nilikuwa nimejiandaa kwa neno lolote. Akanipa mkono, akaushika kwa muda mrefu, akasema, "Na weye, Papa, munene hivi, kumbe unaogopa kufa kuliko batoto."

Amesema kweli, na amesema akitabasamu. Nimeyabeba maneno hayo yote mawili mpaka nyumbani, yale ya kinywani na yale ya usoni.

Sasa nimekaa barazani na zile pete za mpira mapajani, zote, tumezitoa moja moja na kuzihesabu ili isibaki hata moja. Ni kazi nzuri, hilo bado nasema. Mke wangu ameshachukua mbili kufungia mfuko wa unga, na anasema hakuna kitu kinachomwagika. Dereva mmoja wa malori ameahidi kuuliza lastiki za kweli Ndola atakapovuka mpaka. Zikija, zimekuja. Mpaka siku hiyo klabu ina parashuti moja inayoruka, na sisi ni sita.

Kwenye zile kurasa sita nimeongeza mstari mmoja: chombo kipya kinaanza na mwili wa aliyekibuni, tena baada ya mfuko, na kama hataki kukivaa, aseme kwa sauti ni kwa nini. Mbuyu atakuja kuuchukua ukurasa huo siku ya kazi moya, yaani Jumatatu, baada ya shule.

Na kabla ya kuondoka uwanjani nilibandika orodha ya zamu za kuruka na parashuti yangu kwenye ukuta wa banda la klabu. Kesho, siku ya yenga, baada ya misa, ni Mwansa. Kisha wale watatu, kila mmoja Jumapili yake, mvua isiponyesha, na miezi hii hainyeshi. Kisha Mbuyu, ambaye ameomba tena. Mwansa alisoma orodha kwa kidole mpaka chini kabisa, akaniangalia.

"Wa mwisho njo weye?"

Ndiyo. Wa sita, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku zote hizo nitakuwa juu, nimefungwa kwenye kiti, nahesabu kwa sauti.